Damu Moja, Sauti Moja, Lakini Nani Aliandika Wimbo?

Leo sina vichekesho. Wale mlinifuata kwa sababu ya ile klipu ya kuigiza makanga wa Umoja, kaeni tu, hamjapotea. Lakini nina kitu kimenikwama kooni tangu wiki iliyopita na nisipokiandika sitalala vizuri.

Ni kuhusu ndugu wanaoimba injili pamoja.

Kila kanisa mtaani liko na hao watu. Watoto watatu, wanne, watano wa nyumba moja. Wamevaa kitenge cha kufanana, mkubwa ameshika maiki, mdogo anaangalia sakafu. Mchungaji akisema "sasa tutasikia wimbo maalum kutoka kwa familia ya fulani," kanisa lote linanyamaza, hata wale watoto wa kukimbia kimbia nyuma. Wakimaliza, wamama wanafuta machozi na leso na kila mtu anasema kitu kile kile: "Hawa wamebarikiwa. Umesikia venye sauti zinaingiana?"

Ni kweli zinaingiana. Mmekulia mdomo wa mama mmoja, mnatamka maneno kwa njia moja, mnajua mwenzako atavuta pumzi wapi hata kabla hajafungua kinywa. Kwaya ya watu wasio ndugu inaweza kufanya mazoezi miaka kumi na isipate hiyo kitu.

Lakini swali ambalo sijawahi kusikia mtu akiuliza pale kanisani ni hili: nani aliandika huo wimbo? Zile bahasha za shukrani zinaenda kwa nani? Na kama mmoja wao amechoka, anaruhusiwa kusema?

Nawauliza kwa sababu nilikuwa mmoja wa hao watoto wa kitenge. Nitafika hapo. Kwanza wacha niwapeleke Detroit.

Mwaka wa 2020, wakati wa kafyu, sisi wote tukiwa tumejifungia kwa nyumba, niliona filamu kuhusu The Clark Sisters. Nilikuwa nimesikia jina tu, kutoka kwa mathee, ambaye alikuwa na kanda yao ya zamani kwenye kile kisanduku chake cha chini ya kitanda. Nilianza kuitazama nikichapa mahindi ya kuchoma. Nikamaliza nikiwa nimekaa wima na mahindi yamepoa.

Kwa wale hamuwajui, hawa ni dada watano wa Detroit, Michigan: Jacky, Denise, Twinkie, Dorinda na Karen. Mama yao alikuwa Mattie Moss Clark, na huyo mama si mchezo. Alikuwa mkuu wa muziki wa dhehebu zima la Kipentekoste linaloitwa Church of God in Christ, na alishikilia hiyo kazi kwa zaidi ya miaka 20. Ukienda kwaya yoyote leo, hata ile ya kanisa la mabati la kwenu, ukiona mwalimu anagawa watu, soprano huku, alto huku, tena pale nyuma, na kila kundi linafundishwa sauti yake, jua Mattie ni kati ya wale wanaokumbukwa sana kwa kuifanya hiyo njia iwe ya kawaida kwenye kwaya za injili za watu weusi Marekani.

Sasa fikiria huyo ndiye mama yako. Dada hao wenyewe wamesimulia mara nyingi venye mama alikuwa akiwaamsha usiku wa manane. Wimbo umemjia usingizini, basi amkeni, simameni hapo, wewe imba hii, wewe imba hii. Kesho kuna shule? Hiyo ni shida yako.

Walirekodi mara ya kwanza mwaka wa 1973, kwa kampuni ndogo ya mjomba wao, Bill Moss. Yaani hata studio ilikuwa ya familia. Mama anafundisha, mjomba anarekodi, watoto wanaimba. Mnaona venye inaanza? Hapo hakuna mtu wa nje wa kuuliza swali.

Kati ya hao watano, Twinkie ndiye alikuwa injini. Jina lake halisi ni Elbernita. Ndiye alipiga kinanda, ile Hammond kubwa ya kanisani, mpaka leo watu wanamwita malkia wa hicho chombo. Na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya nyimbo. Albamu yao ya 1980, Is My Living in Vain, ilirekodiwa moja kwa moja watu wakiwa ndani, na ukiisikiliza leo na spika nzuri utadhani ukuta unatembea. Halafu ikaja You Brought the Sunshine. Twinkie alikuwa amesikia Master Blaster ya Stevie Wonder, ule mdundo wa rege, akauchukua akauleta kanisani. Wimbo ukatoka kanisani ukaingia hadi vilabuni. Watu wanacheza injili saa nane usiku na glasi mkononi.

Wueh. Mnajua kilichofuata. Kanisa ni kanisa, iwe Detroit, iwe Dandora. Mwanzoni mwa miaka ya themanini walipanda jukwaa la Grammy, mama yao akiwa nao, na wakubwa wa dhehebu hawakufurahi kumuona mkuu wao wa muziki amesimama na watoto wake mahali kama hapo. Mattie alibanwa. Ilibidi achague kati ya jukwaa la dunia na kiti chake kanisani. Alichagua kanisa, na mabinti wakaendelea bila yeye kando yao kwenye majukwaa ya aina hiyo.

Katikati ya miaka hiyo ya themanini, Denise aliondoka kwenye kikundi. Watu wana hadithi nyingi kuhusu kwa nini, na mimi sitaziandika hapa kwa sababu ni maisha ya mtu. Miaka ya tisini Twinkie naye akaenda kivyake. Mama akafariki 1994. Karen akatoa albamu yake ya kwanza ya peke yake mwaka wa 1997, Dorinda akafuata na yake 2002. Mtu wa nje angesema wamekwisha.

Halafu 2007 wakarudi, wanne, na albamu ya moja kwa moja inayoitwa Live: One Last Time. Februari 2008 wakapata Grammy zao za kwanza kama kikundi. Hesabu na mimi: 1973 mpaka 2008 ni miaka 35. Na kwenye tuzo moja walilingana na Aretha Franklin, mtu wa Detroit pia, ambaye alikuwa ameimba na Mary J. Blige. Aretha alipofariki 2018, hao hao dada waliimba kwenye mazishi yake. Mwaka wa 2024 wakapewa Grammy ya heshima ya maisha yote.

Hiyo ndiyo stori venye inasimuliwa. Mama mkali, mabinti wenye vipaji, machozi, ushindi. Watu wanaipenda kwa sababu inaisha vizuri.

Mimi nilibaki na kitu kingine. Nilibaki na ile hesabu ya tano kuwa nne. Na nilibaki na Twinkie.

Kuna hii kitu mnaijua lakini pengine hamkujua mnaijua. Mwaka wa 2017 Jay-Z alitoa albamu ya 4:44. Ndani kuna wimbo Family Feud, ule sauti ya Beyoncé inapita nyuma. Ile sauti ya kanisa inayozunguka zunguka pale ndani ni The Clark Sisters, wimbo wao wa zamani, Ha Ya. Na ukiangalia orodha ya walioandika Family Feud, utapata jina Elbernita Clark. Miaka mingi baada ya kukaa kwenye kinanda Detroit, jina lake lilikuwa mahali linapofaa, kwa hivyo mtu mkubwa hivyo alipochukua kipande cha kazi yake, ilibidi aandikwe. Na kichwa cha huo wimbo kwa Kiswahili si ni ugomvi wa familia? Maze, nilicheka halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu hapo ndio nilimkumbuka dadangu.

Sisi tuko watatu. Dada mkubwa, kaka wa katikati, na mimi kitinda mimba. Mathee alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani, na hapana, hakuwa Mattie, lakini fimbo ya kuongoza kwaya ilikuwa na matumizi mengine nyumbani. Tulianza kuimba mimi nikiwa darasa la tatu. Tukaanza kuitwa huku na huku: harusi, matanga, kesha, ufunguzi wa makanisa. Mzee alikuwa anabeba kinanda kwa buti ya Probox na anapokea bahasha. Sijawahi kujua ndani ya zile bahasha kulikuwa na ngapi. Sidhani alikuwa anatuibia. Karo ililipwa, chakula kilikuwepo. Lakini hakuna siku hata moja mtu alikaa chini akasema "leo tumepata hii, imeenda hapa na hapa." Kwani utamuuliza babako risiti?

Nyimbo zilikuwa za dadangu. Zote. Alikuwa na daftari la Kasuku la kurasa 200, gamba limechanika, ameandika maneno kwa kalamu ya bluu na mahali pa kupanda sauti ameweka mshale kwa nyekundu. Alikuwa anakaa jikoni akisonga ugali na mdomo unatembea. Ukimsemesha hakusikii. Baadaye anakuita, "Kuja, imba hapa." Mimi niliimba kiongozi kwa sababu sauti yangu ilikuwa juu. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kuwa na sauti ya juu.

Nikiwa kidato cha pili tulirekodi mmoja wao katika studio moja ya mtaani. Kakangu ndiye alijua mambo ya kompyuta, kwa hivyo akafungua chaneli ya YouTube, akapakia. Kwa jina lake. Pale chini, mahali pa mtunzi, akaandika jina lake. Nilipomuuliza baadaye alisema hakufikiria chochote, fomu iliuliza jina na yeye ndiye alikuwa anajaza. Namuamini. Hiyo ndiyo shida yenyewe, venye hakuna aliyefikiria chochote.

Wimbo haukulipuka siku hiyo. Ulikaa huko kimya kama miaka miwili. Halafu watu wa video za harusi wakaanza kuutumia, bibi harusi anashuka kwa gari, wimbo unaingia. Kidogo kidogo chaneli ikaanza kuleta chapaa. Si nyingi, lakini ilikuwepo. Dadangu alijua kupitia kwa mtu wa ofisini kwao, aliyemuonyesha video akamwambia, "Si huyu ni kakako? Kumbe anaandika nyimbo tamu hivi!"

Alipokuja nyumbani kuuliza, jibu alilopewa na karibu kila mtu lilikuwa moja. Sisi ni familia. Unataka kupeleka ndugu yako mahakamani? Wimbo ni wa Mungu. Mathee akasema tuombe. Tukaomba. Dadangu akasema amina, akaosha vyombo, akapanda matatu. Hajaimba na sisi tena, na huu ni mwaka wa nne.

Sasa hebu tuongee kuhusu hilo jibu, kwa sababu najua wengi wenu mtaniletea hapo chini.

"Wimbo ni wa Mungu." Sawa. Na mimi naamini hivyo. Lakini nimekaa kanisani maisha yangu yote na naona majina kila mahali. Harambee ya kujenga choo, majina yanasomwa na kiasi. Bango la mkutano, uso wa mhubiri umechukua robo tatu ya karatasi. Jiwe la msingi lina jina la aliyelifungua. Kwa hivyo majina hayamsumbui Mungu. Jina la mtunzi pekee ndilo linaonekana kama kiburi, hasa mtunzi akiwa msichana wa miaka 19 anayesonga ugali.

"Sisi ni familia." Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Kufanana tunako. Watu wanatuona kwa picha wanacheka venye pua ni moja. Kufaana ndiko nauliza. Kama mgeni angechukua wimbo wa dadangu akaweka jina lake, mzee angepanda Probox usiku huo huo amtafute. Kwa nini kosa likifanywa na mtoto wa nyumbani ndio mwenye kukosewa anaambiwa asamehe kwanza, halafu tutaongea? Na ile "tutaongea" haifiki.

Halafu kuna wale wa "lakini huo ukali na kunyamaza ndio uliwafanya wawe wazuri. Angalia The Clark Sisters." Hapa nitakuwa mkweli, sina jibu rahisi. Bila Mattie hakuna ile sauti. Kuamshwa usiku, kurudia, kurudia, kusimama mpaka miguu iume, hiyo ndiyo iliingia kwa zile sauti na huwezi kuitoa. Mimi mwenyewe nikisimama mbele ya kamera leo sitetemeki, na najua ni nani alinifundisha kutotetemeka. Ninamshukuru mathee. Lakini kufundishwa kwa ukali na kuishi bila kujua nini ni chako ni vitu viwili tofauti. Mwalimu anaweza kukuamsha saa tisa usiku akufundishe wimbo, na asubuhi bado akaandika jina lako ukiwa ndiwe uliyeutunga. Moja haiharibu nyingine.

Na ile ya kuondoka. Sisi tukisikia kikundi cha ndugu kimepoteza mtu, tunasema shetani ameingia. Lakini ona hao dada wa Detroit. Twinkie alitoka. Karen akafanya yake, Dorinda akafanya yake. Kama wangelazimishwa kusimama pamoja kila Jumapili kwa miaka 35 bila kupumua, sidhani kungekuwa na 2007 ya kurudia. Mtu akiruhusiwa kutoka mlangoni kwa heshima, anajua pia njia ya kurudi. Ukimtoa kwa dirisha, atarudi kupitia wapi?

Sasa mambo ya kufanya, kwa sababu najua kuna watu humu wanaimba na ndugu zao na kesho wako na shoo. Mimi si wakili. Lakini nimesoma nikiuma kucha, na haya ni ya kawaida tu.

Kwanza, jueni wimbo si kitu kimoja. Kuna aliyetunga maneno na sauti. Kuna walioimba. Kuna aliyegharamia na kumiliki rekodi. Hao wanaweza kuwa watu watatu tofauti hata kama wote wanalala chumba kimoja. Mnapogombana, mara nyingi kila mtu anaongea ukweli kuhusu kipande chake na kudhani ni kizima.

Pili, sheria ya Kenya ya hakimiliki ya 2001 inaanza na mtunzi. Usipomwandikia mtu mwingine kazi kwa mkataba au ajira, wimbo ulioutunga ni wako, na ulinzi wake unaendelea hadi miaka 50 baada ya kifo chako. Yaani wajukuu wa dadangu wanaweza kula kwa lile daftari la Kasuku. Kuna taasisi ya serikali ya mambo hayo, KECOBO, na unaweza kusajili kazi yako kwao kupitia intaneti.

Tatu, andikeni kabla ya kurekodi, mkiwa bado mnapendana. Karatasi moja. Wimbo unaitwa hivi, maneno ni ya fulani, sauti ni ya fulani, kinanda fulani, tukipata mia tunagawa hivi. Kila mtu aweke sahihi, mpige picha, mtume kwa kundi la WhatsApp la familia, pale pale kati ya zile video za asubuhi njema za shangazi. Hakuna kitu cha aibu hapo. Chama cha mathee cha kununua sufuria kina daftari, mweka hazina na faini ya kuchelewa. Sisi tunaimba miaka kumi na hatuna hata karatasi.

Nne, wazazi, kama mko humu: someni bahasha mbele ya watoto. Hata kama pesa yote inaenda karo. Mtoto anayejua pesa yake ililipa karo anatembea tofauti na mtoto asiyejua ilienda wapi.

Nimefika mahali nilikuwa naogopa kufika.

Wiki iliyopita kakangu alinipigia. Mathee anatimiza miaka 60 mwezi ujao na anataka sisi watatu tuimbe. Zawadi yake hiyo tu, hataki keki. Kakangu akaniomba niongee na dada kwa sababu yeye hashiki simu yake. Nikampigia. Tukaongea mambo ya kawaida, bei ya unga, mvua ya Eldoret, mtoto wake ameanza kutembea. Halafu nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika.

Akauliza swali moja: "Na mkiimba ule wimbo, mtasema ni wa nani?"

Hakuuliza kuhusu pesa. Hakumtaja kakangu. Na venye aliniuliza mimi, nilijua anajua.

Kwa sababu wasee, wengi wenu mlinijua kwa klipu gani kabla ya makanga? Ile nimesimama kando ya dirisha naimba bila chombo, mwaka wa kwanza wa chaneli yangu. Ule ni wimbo wake. Mliandika hapo chini, mamia yenu, "uliandika hii?" "wewe ni mtunzi hatari," "Mungu akuzidishie kalamu." Na mimi niliweka kopa. Niliweka mikono ya kushukuru. Sikudanganya hata neno moja, na sikusema ukweli hata neno moja. Nimekuwa nikimkasirikia kakangu miaka minne kwa fomu moja aliyojaza vibaya, na mimi nimekuwa nikijaza hiyo fomu kila siku na kidole gumba.

Kwa hivyo nasema hapa, mahali nilipokosea, mbele ya watu wale wale: mimi sikuuandika ule wimbo. Dadangu mkubwa aliuandika, maneno na sauti, jikoni, kabla sijajua hata alto ni nini. Nimebadilisha maelezo ya ile klipu leo asubuhi. Sijaweka jina lake kamili kwa sababu nilimuuliza na amesema ataamua mwenyewe lini na wapi. Ni haki yake.

Kakangu nimemtumia chapisho hili kabla ya kulipandisha. Amesoma. Zile tiki mbili zimekuwa bluu tangu saa tano na hajajibu. Niko sawa na hilo kwa leo.

Dada naye hajasema atakuja. Alichosema tu ni kwamba daftari bado analo, na kwamba mahali pa kupanda sauti kwenye ubeti wa pili nimekuwa nikipaimba vibaya miaka hii yote. Ati mshale ulikuwa unashuka.

Nitafanya mazoezi.